Kila Baba Mkwe Alipopita

Nusura nimfukuze mzee wa watu katika nyumba ya mwanawe kwa kosa la kompyuta. Nasema nusura, na kila nikilitamka neno hilo nashusha pumzi.

Mzee huyo ni baba mkwe wangu. Alikuja kukaa nasi Katoro baada ya mama mkwe kufariki, maana mume wangu hakutaka abaki peke yake kwenye mji wenye kaburi bichi. Alikuja na begi moja, fimbo, na kigoda cha miguu mitatu alichokichonga mwenyewe enzi za kuchunga. Tulimpa chumba cha uani. Kutoka uani kwenda barazani, ambako alipenda kukaa akitazama bodaboda zikipita na abiria watatu watatu, lazima upite sebuleni kwetu. Njia nyingine ni kichochoro cha nyuma ya choo cha jirani, na hicho mtu mzima hakipiti kwa hiari yake.

Sebuleni ndiko nilikokuwa nikiandikia. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na mwaka huo nilikuwa namalizia shahada kwa njia ya masafa. Ilibaki ripoti ya utafiti tu. Nilikwisha kuongezewa muda mara moja, na barua waliyoniandikia ilisema wazi kwamba hakuna mara ya pili. Kwa hiyo nikitoka shule navua viatu, nakunywa maji, nakaa mezani na kuandika hadi jua linapozama.

Kompyuta yenyewe, ya kupakata, nilikuwa nimeinunua Geita mjini, kwenye duka la familia ya Kihindi ambayo imekaa pale tangu mimi sijazaliwa. Ilikuwa imeshatumika huko Ulaya. Mama mwenye duka aliigonga kwa kucha akaniambia, "Hii ngumu, mwalimu, hii itakuzika." Hakunidanganya. Lakini haikupita hata miezi mitatu nikawa nimeijaza virusi kutoka kwenye flashi ninazochomeka stationery kila nikienda kuchapa mitihani. Mafaili yangu yakageuka majina matupu, ukiyabofya hayafunguki. Nililia, kisha nikatukana, kisha nikampelekea mwalimu wetu wa fizikia.

Huyu mwalimu ni kijana wa Tanga, mpole, anayezungumza kama mtu asiyewahi kuchelewa mahali. Ndiye aliyekuwa anatunza kompyuta za shule. Aliniambia dawa ni kuachana na mfumo ule wa wizi niliowekewa, aniwekee Linux, mfumo huria ambao haununuliwi, na ambao virusi hivyo haviujui. Nikamwambia aniwekee hata mawe, mradi niandike.

Akaniwekea. Kompyuta ikawa nyepesi, ikawaka kwa haraka ya ajabu. Ila ilikuwa na vijitabia. Wi-Fi haikuitambua kabisa, ikabidi nichomeke simu kwa waya ndipo nipate intaneti. Mwangaza wa kioo uligoma kupungua. Mwalimu wa fizikia akanieleza kwamba kampuni zinazotengeneza kompyuta mara nyingi haziwaambii watu wa mfumo huria vifaa vyao vinafanyaje kazi ndani, basi wale watu wanachunguza wenyewe, wengine kwa kujitolea tu, na kifaa ambacho bado hawajakielewa kinabaki bubu. "Ni kama kumtibu mgonjwa asiyesema anaumwa wapi," aliniambia. Nikasema sawa, mradi mgonjwa anaandika.

Wiki ya kwanza tu mgonjwa akaanza kufa.

Nilikuwa katikati ya sura ya tatu. Mara nikaona kioo cheusi. Taa ndogo ya pembeni inawaka, feni ndani inaunguruma, lakini ubonyeze nini, kimya. Nikashikilia kitufe cha kuwashia mpaka ikazima kabisa, nikaiwasha upya. Kurasa mbili zimekwenda. Kesho yake tena. Keshokutwa mara mbili kwa siku moja. Mimi ni mwepesi wa hasira, sifichi, na siku hiyo ya mara mbili niliipiga meza kofi hadi kikombe kikaanguka.

Nikampelekea fundi wangu shuleni. Aliiacha wazi mezani kwake tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho, ikafanya kazi kama kondoo. Akaniuliza swali moja ambalo nalikumbuka neno kwa neno:

"Mwalimu, kabla haijafa, unakuwa umefanya nini?"

"Sijafanya chochote," nikamjibu. "Naandika, inakufa."

Akafungua mahali ambapo kompyuta inajiandikia yenyewe kila inachokifanya. Akakuna kichwa. "Hapa inasema imeamriwa ilale. Kila mara, mstari wa mwisho ni huo. Inaambiwa ilale, inalala, halafu haiamki. Sasa nani anaiambia ilale?"

"Unaniuliza mimi? Mimi nataka iamke, wewe unaniuliza nani anailaza!"

Alicheka, akaandika swali kwenye ukumbi wa mtandaoni ambako watu wa mfumo huo husaidiana. Walijibu kwa wema, wa huku na wa huko, wakauliza kama inapata moto, habari ya betri, vumbi. Vumbi lilimwingia mwalimu akilini, kwa sababu mume wangu anafanya kazi Rwamgasa kwenye karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na akirudi nyumbani mwishoni mwa wiki hata sikio lake lina vumbi. Akaifungua, akaipuliza, akaifunga. Nikairudisha nyumbani. Saa kumi jioni ikafa.

Jirani yangu anauza mihogo ya kukaanga mbele ya nyumba yetu, na dirisha la sebule liko karibu na karai lake. Siku hiyo alinisikia nikifoka. Akasogea dirishani na mwiko wake mkononi.

"Mwalimu, hiyo kompyuta yako mbona naona inakufa mzee akipita?"

Nikamwambia aache upuuzi. Akasema, "Haya, wewe umesoma. Ila hata kwenye mashimo ya maduara, dhahabu ikikata ghafla, wachimbaji wanauliza kwanza nani kapita pale."

Huku kwetu maneno ya namna hiyo juu ya mzee si ya kuchezea. Nimekulia Songwa, upande wa Shinyanga, na nimeona bibi mmoja akihama usiku mmoja na vyungu vyake kwa sababu watu waliyasema macho yake mekundu, ambayo moshi wa jikoni ndio uliyafanya mekundu. Nayajua hayo. Nimeyafundisha hata darasani. Na bado, jirani alipoondoka, nilichukua daftari la maandalio ya masomo, nikafungua ukurasa wa nyuma, nikaanza kuandika. Jumatatu saa kumi, imekufa, baba kapita kwenda barazani. Jumatatu saa kumi na mbili kasoro, imekufa, baba kapita kurudi uani. Jumanne vilevile. Nilijiambia nafanya utafiti. Nilikuwa na shahada karibu nzima mkononi, na nilikuwa natengeneza orodha ya kumhukumu mtu.

Tena orodha yenyewe haikuwa ya haki. Alhamisi alikuja mchungaji wetu, naye ni mtu mzima, kompyuta ikafa palepale. Hiyo sikuiandika. Nilisema moyoni ni umeme.

Jumanne ya wiki iliyofuata nikampigia mume wangu. Ningeweza kuchagua maneno, sikuchagua. Nilimwambia, "Kila baba yako akipita, kompyuta yangu inakufa. Ripoti inatakiwa mwisho wa mwezi. Sijui nifanye nini." Nilisikia mashine zikisaga nyuma yake. Kisha akasema Jumamosi atakuja na bodaboda ampeleke baba kwa dada yake kijijini, akae huko kwanza. Dada yake ana nyumba ya chumba kimoja na watoto sita. Sote wawili tulilijua hilo, na hakuna aliyelisema.

Kuta za nyumba zetu ni nyembamba. Tangu siku hiyo baba mkwe hakupita tena sebuleni. Nilimwona kwa dirisha la jikoni akizunguka kwa kile kichochoro cha nyuma ya choo, fimbo mkono mmoja na kigoda mkono mwingine, akijibana ubavu ili asiguse ukuta. Na kompyuta, siku tatu zile, haikufa hata mara moja. Niliandika sura ya nne yote. Ningepaswa kufurahi, na kwa kweli nilifurahi kidogo, jambo ambalo linaniaibisha kuliko yote. Nikaandika kwenye orodha: siku tatu hajapita, siku tatu haijafa.

Jumamosi asubuhi mwalimu wa fizikia akaja nyumbani bila kuitwa. Alisema jambo lile limemkosesha raha, kompyuta haiwezi kulala bila kuambiwa, anataka kukaa pembeni anitazame ninavyoandika. Nikampa kiti na chai. Sikumweleza habari ya baba, nilimwambia tu iko nzima siku hizi. Akasema, "Basi endelea, mimi sipo."

Niliandika nusu saa. Mara mlango wa uani ukagongwa kidogo, na baba mkwe akaingia. Alikuwa amevaa koti lake la safari. Alikuja kuaga, na kuaga hakufanywi kichochoroni.

"Mwangaluka, mayu," alisema. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo alivyoniita tangu siku niliyoolewa.

"Mwangaluka, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mhola?"

"Mhola duhu, baba," nikamjibu, kwamba ni salama tu, nikiwa nimeshapiga magoti sakafuni, macho chini.

Alisema amekuja kutuaga, ataondoka mchana, tusimfikirie vibaya. Nikaitikia. Akatoka. Nikainuka, nikaketi, nikafunua kompyuta. Kioo cheusi. Taa inawaka. Feni inaunguruma.

Nilimgeukia mwalimu wa fizikia nikimwonyesha kwa mikono miwili, kama anayesema si unaona sasa? Yeye alikuwa ananitazama mimi, wala si mlango.

"Mwalimu," alisema taratibu, "umeifunika."

"Nimefunika nini?"

"Kompyuta. Mzee alipoingia uliifunika, ndipo ukapiga magoti."

"Nilikuwa namsalimia baba!"

"Ndiyo. Kwa kuifunika."

Niliutazama mkono wangu wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine. Sikukumbuka kuifunika, wala kuifunua. Sikuwahi kukumbuka, hata mara moja, kwa sababu kwangu hilo si kitendo, ni salamu. Mama yangu alinifundisha Songwa nikiwa na miaka minne au mitano: mkubwa akiingia, kilicho mkononi kinawekwa chini, na kilicho wazi kinafunikwa. Sufuria inafunikwa, kitabu kinafungwa. Ukimsalimia mkubwa sufuria ikiwa wazi, alisema, atadhani unamharakisha aondoke upate kula. Nilizoea hivyo hata sijui nafanya. Jirani wa mihogo ni rika langu, tunasalimiana kwa midomo tu, kompyuta ikiwa wazi. Nikimaliza kazi naizima kabisa kwanza kisha natandika kitambaa juu, maana ndivyo tulivyofundishwa kwenye chumba cha kompyuta. Mtu pekee aliyefanya niifunike ikiwa inawaka alikuwa mkubwa aliyeingia nyumbani. Baba mkwe kila siku. Na mchungaji, siku ile ya Alhamisi.

"Uliponiuliza nafanya nini kabla haijafa," nikamwambia, "nilisema sifanyi chochote."

"Na mimi sikuwahi kuifunika," alisema. "Kompyuta za shule hazina mfuniko. Hii nimeipima kila kitu, sikupima hilo." Akaongeza kwa aibu kwamba hata wale watu wa mtandaoni waliuliza moto na vumbi, hakuna aliyeuliza kama mwenye kompyuta ana mkwe.

Nilicheka. Kisha nikalia, kilio cha sauti, hadi jirani akachungulia dirishani na mwiko wake. Nilimwambia arudi kwenye karai lake, nitamfuata.

Mwalimu wa fizikia akavuta kiti. Alinieleza huku anafanya kazi: kompyuta ukiifunika inaambiwa ilale, na usingizi wenyewe upo wa namna mbili, mzito na mwepesi. Hii yetu inalala ule mzito, na mfumo huria haujui namna ya kuitoa huko, kwa kuwa walioiunda hawakusema. Basi tuiambie ilale ule mwepesi. Akabadilisha mstari mmoja tu. Mstari mmoja! Akaizima, akaiwasha, akafunika, tukahesabu hadi thelathini, akafunua. Kioo kikawaka, maneno yangu yapo, na mshale unapepesa palepale nilipouacha. Akafanya mara tano. Mara zote tano iliamka.

Nje nikasikia pikipiki ikizima. Mume wangu akaingia na vumbi lake, na bodaboda ya pili nyuma yake kwa ajili ya mzigo. Nikamwambia mbele ya mgeni, bila kumwachia nafasi ya kukaa, "Si baba. Ni mimi. Nilikuwa naifunika nikimsalimia." Alinitazama, akamtazama mwalimu, mwalimu akaitikia kwa kichwa. Mume wangu akakaa kwenye mkono wa kochi, akajifuta uso kwa kiganja, akasema "Ee Mungu" mara mbili. Nilijua siku hizo naye hakuwa amelala.

Nikaichukua kompyuta, nikaenda nayo uani. Baba mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na mlango wa chumba, begi limefungwa miguuni. Nilipiga magoti kwenye mchanga, nikamweleza. Sikumficha kitu. Nilimweleza habari ya orodha, na simu niliyopiga Rwamgasa, na yale niliyoyawaza. Nilisema, "Nimekukosea, baba. Nisamehe."

Aliichora ardhi kwa ncha ya fimbo. Kuku walipita kati yetu. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Gashinaga si mimi."

Gashinaga ni kumbe. Kumbe si mimi.

"Si wewe, baba."

"Nilianza kujiuliza, mayu. Mama yenu alikufa mikononi mwangu. Kisha nikaja hapa, na kitu chako kinakufa kila nikipita. Nikasema labda nimekuja na kitu mwilini, sijui. Nikaona heri niende, kisije kikawapata ninyi wanangu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, na hasira ningeistahimili, maana naijua. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nikabaki nimeishika kompyuta mapajani, wazi, mbele ya mkubwa, kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Akaitazama. "Inafunikwaje?"

Nikamwonyesha. Akaweka fimbo chini, akainama, akaweka kiganja chake juu ya mfuniko na kuushusha polepole hadi ukafunga. Hakuuondoa mkono. Aliuacha pale juu, mkono mkubwa wenye makovu ya kamba za ng'ombe, na mimi nilihisi kompyuta ikitulia mapajani mwangu. Mume wangu na mwalimu walikuwa wamesimama mlangoni pa uani. Sijui tulikaa muda gani.

"Sasa?" aliuliza.

"Sasa ifunue, baba."

Aliifunua kwa vidole viwili, akiwa amegeuza uso kando kidogo. Nikamwambia atazame. Akatazama. Mwanga ulimpiga kidevuni, na ukurasa wangu wote ulikuwepo.

"Imeamka," alisema.

"Imeamka, baba."

Akaifunika tena, akaifunua tena. Imeamka. Akafanya mara ya tatu, mwenyewe, bila kuniuliza, na safari hii hakugeuza uso. Kisha akamwita mwanawe aje alitoe begi lile pale miguuni mwake, alirudishe ndani. Akachukua kigoda chake, akainuka, akapita sebuleni kwenda barazani.